Yafaa Mtu Kuuacha Mshahara Mkubwa?



Liko swali moja liulizwalo siku hizi katika vijiji vyetu vya Masisi na Walikale, tena huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Mtu mwenye kazi nzuri ya kampuni, mwenye mshahara usiochelewa, akiamua kuiacha kazi hiyo ili arudi shuleni, ajifunze kazi nyingine ambayo moyo wake waipenda, je, atenda vema au atenda vibaya? Wazee hujibu upesi: amerogwa. Vijana nao hujibu upesi: ni shujaa. Mimi naona kwamba majibu yote mawili hutolewa kabla ya swali kueleweka. Basi tuliangalie polepole, maana lagusa chakula cha watoto, na neno lo lote ligusalo chakula cha watoto halifai kuamuliwa mbiombio.

Kwanza tusiudharau mshahara. Wako watu wasemao juu ya fedha kana kwamba ni uchafu, nao wenyewe hula mara tatu kwa siku. Kwetu mshahara ni kitu adimu. Walio wengi hulima maharage, viazi na mihogo, huchunga ng'ombe za wengine, huchoma makaa, au huchimba madini kwa mikono yao, wala asubuhi hawajui kama jioni watapata kitu. Sisi walimu wa shule za misioni twalijua jambo hilo. Mpaka mwaka 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya shule za msingi ni ya bure, walimu wengi waliishi kwa michango ya wazazi. Na mzazi ambaye mvua ya mawe imeliharibu shamba lake, atachanga nini?

Wenyeji wa Walikale wakumbuka Bisie ilivyokuwa. Kasiteriti, yaani mawe yatoayo bati, ilianza kuchimbwa huko mwituni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na maelfu ya watu wakaiendea. Wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 migongoni, wakipenya msituni hata kufika Njingala, na njiani watu wenye bunduki waliwatoza. Baadaye ikaja kampuni ya Alphamin, ikajenga barabara na kiwanda, na tangu mwaka 2019 yatoa bati kwa mashine. Mtu ambaye jana alibeba gunia, leo akipata kofia ya kampuni, na kitambulisho, na fedha za kila mwezi, nani atathubutu kumcheka? Jirani zake wamhesabu kuwa ametoka gizani. Naye huwa kama mti mkubwa penye jua kali: kila apitaye hukaa chini yake.

Tumfikirie mtu wa namna hiyo. Hatutampa jina. Ana umri wa miaka 32. Ana mke na watoto wanne, na mama mjane, na wadogo wawili walio shuleni, na yatima wa marehemu dada yake. Kazi yake ni kuandika hesabu za ghala: vyuma vingapi vimeingia, mapipa mangapi yametoka. Hakuna amtukanaye, wala hakuna amwibiaye siku zake. Lakini kila arudipo nyumbani hupita mbele ya kituo cha afya, akamwona mwuguzi mmoja amezungukwa na akina mama arobaini wenye watoto wa homa, na jambo moja limemwingia moyoni wala halimtoki: angependa kuifanya kazi ile. Masomo yake ni ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo hatapata mshahara, bali atalipa. Na akiisha kumaliza, malipo ya mwuguzi wa kijijini hayataukaribia mshahara ule aliouacha.

Wazee humjibu kwa methali. Humwambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliokatikakatika; msala ni mkeka mzuri wa kusalia, ila huo ni wa mpita njia. Methali hiyo yatoka pwani, nayo ina akili nyingi. Tena huongeza nyingine: kazi mbaya si mchezo mwema. Nani atabisha?

Lakini methali ya mkeka yataka jambo moja liwe kweli, kwamba mbacha wako utakuwapo kesho. Je, kwetu ndivyo? Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliusimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na amri hiyo ikakaa hata Machi 2011. Watu waliolala wakiwa na kazi waliamka hawana. Tarehe 13 Machi 2025 kampuni yenyewe ya Bisie iliisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake, kwa sababu wapiganaji wa M23 walikuwa wanakaribia. Tarehe 19 mji wa Walikale ukatekwa. Mwezi wa Aprili wapiganaji waliuacha mji, na kazi ya mgodi ikaanza tena. Lakini kila mfanyakazi alikuwa ameona kwamba mkeka wake waweza kukunjwa kwa siku moja. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na watu wengi waliokuwa wakila mishahara ya mashirika huku kwetu waliachishwa bila kosa lo lote. Kwa hiyo mtu asemaye, "Nabaki kwa sababu hapa pana usalama," na alipime vema neno hilo.

Wengine nao huruka upande wa pili. Husema: ufundi ndio salama, maana hauporwi. Hapo pia tuseme kweli. Watu wa Masisi waliokimbilia kambi za kando ya Goma, kabla kambi hizo hazijavunjwa mwezi wa Februari 2025, walimwona mkunga akiitwa usiku ule wa kwanza, na kinyozi akipata mteja penye hema. Lakini walimwona pia fundi wa nguo aliyekimbia bila cherehani yake, na mwalimu aliyekaa juu ya jiwe bila shule. Ufundi hauporwi, lakini vyombo vyake huporwa. Basi tukitafuta jibu katika usalama hatutalipata, wala huku wala huku. Tulitafute katika sababu: kwa nini mtu huyu ataka kuondoka?

Hapa yafaa mtu ajichunguze kwa ukali, maana moyo wa binadamu ni hodari kuvika uchovu vazi la wito. Mtu aliyegombana na msimamizi wake hugundua ghafula kwamba tangu utotoni alitaka kuwa seremala. Mtu aliyechoka kuamka saa kumi za usiku huona kwamba ualimu ni kazi takatifu. Mwalimu aamka saa ngapi? Kila kazi, hata iliyo nzuri kabisa, ina tumbo lake lisilopendeza. Mwuguzi hafungi vidonda tu. Humwaga vyoo vya wagonjwa, huosha maiti, hutukanwa na wenye homa. Mwalimu hafurahii tu macho ya watoto waelewao. Husahihisha daftari sitini penye taa mbaya. Fundi wa fromaji kule kwenye malisho ya Masisi, ambayo fromaji yake yasifiwa hata Kinshasa, hugeuza na kufuta chumvi siku zote, na siku ya mvua maziwa huchelewa au huganda njiani. Atakaye kazi mpya na aende kwanza aitazame siku yake ya kuchosha. Akirudi akiwa bado aitaka, basi kuna kitu.

Na hicho kitu ni nini? Watu husema, "kazi inayoushibisha moyo." Neno hili lasemwa sana, nami sina ugomvi nalo, ila naona lina hatari yake, kwa kuwa humfanya mtu aangalie ndani mwake tu, kama mtu atazamaye kisima ili auone uso wake. Kazi haiko ndani mwetu. Kazi iko pale ambapo mtu mwingine angoja kitu. Mtu wetu wa Bisie hakuanza kwa kujiuliza, "Nitafurahi wapi?" Alianza kwa kuwaona akina mama arobaini na mwuguzi mmoja. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ionekanavyo.

Tunaye mtu wa Kivu yetu awezaye kutuonyesha jambo hilo, daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, si wa kanisa letu, wala hilo halimpunguzii kitu. Alisoma utabibu nchini Burundi, akaanza kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, akitazamia kuwatibu watoto. Kule aliona wanawake wakiletwa kutoka milimani wakiwa wamechukuliwa na watu, wengine wakifika wamechelewa, wakifa kwa sababu ya kuzaa tu. Akaliacha shauri lake la kwanza. Akaenda Angers, Ufaransa, akawa mwanafunzi tena, akajifunza matibabu ya wanawake na ya uzazi. Angaliweza kubaki huko na kuishi kwa raha. Mwaka 1989 akarudi Lemera. Hospitali ile ikaharibiwa katika vita Oktoba 1996, naye mwaka 1999 akaanzisha nyingine Panzi, mjini Bukavu. Yaliyofuata dunia yote yayajua, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Mimi sitazami tuzo. Natazama siku ile daktari, ambaye tayari ana cheo na posho, anakaa tena kwenye benchi la wanafunzi kwa ajili ya wanawake walioletwa juu ya tipoyi.

Lakini si kila mtu aliye katika kazi yenye taabu ya dhamiri aitwa kuondoka. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze kupita kiwango, na askari wasimdhulumu mtu, wakae na mshahara wao. Ni kweli kwamba Matayo aliiacha meza yake ya ushuru. Zakeo lakini, tajiri wa watoza ushuru, alirudisha alichodhulumu, wala hatusomi mahali kwamba aliacha kazi. Mmoja aliondoka, mwingine inaonekana alibaki, na wote wawili walikaribishwa.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa ziingiazo mpakani, kazi ambayo vijana wengi wangeitamani, kwa mshahara wake na, tuseme wazi, kwa bahasha zake. Wafanya biashara walitaka awapitishie chakula kilichooza, wakamtolea fedha. Alikataa, na chakula kile hakikuuzwa kwa watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, kule Roma. Sasa nawaulizeni: je, rafiki mwema asingaliweza kumshauri, "Ndugu, iache kazi hii ya hatari, ukatafute nyingine yenye kuutuliza moyo"? Shauri hilo lisingalikuwa dhambi. Lakini kama angaliondoka, mtu mwingine angalikaa kwenye meza ile ile, na pengine wali ule ungalifika katika sahani za watoto wa Birere. Ziko kazi ambazo ni kama lango la kijiji. Aliye mwaminifu akiondoka, lango labaki wazi. Mtu wa namna hiyo asihesabu furaha yake tu. Wala simwambii mtu ye yote kwamba lazima afe langoni. Nasema tu kwamba kuondoka si daima jambo tukufu, wala kubaki si daima woga.

Karani wetu wa ghala hana lango la kulinda. Mapipa yatahesabiwa na mwingine vilevile. Yeye basi ni huru kuliko Floribert. Bado swali gumu lakaa mbele yake, nalo ndilo ambalo vijana hawapendi kulisikia: ni nani atakayelipa?

Kila aachaye mshahara hulipiwa na mtu. Tumtazame Mtakatifu Agostino, mtoto wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Baba yake hakuwa tajiri, na bwana mmoja wa mji wao, Romaniano, alimsaidia gharama za kusoma. Akapanda ngazi: Kartago, kisha Roma, kisha mwaka 384 Milano, mji alimokaa Kaisari. Kule alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno, kazi ya heshima na ya fedha. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumsifu Kaisari hadharani kwa sifa ambazo msemaji na wasikilizaji walijua kuwa ni uongo. Yeye mwenyewe ameandika kwamba siku moja, akiwa na mashaka ya moyo kwa ajili ya hotuba ya namna hiyo, alimwona njiani mwombaji mmoja amelewa, anacheka na kufanya mzaha. Akawaambia rafiki zake jinsi wanavyotaabika sana kuitafuta furaha ambayo maskini yule amekwisha kuipata kwa senti chache. Ingawa ilikuwa furaha ya bure, itakayoisha na ulevi.

Mwaka 386 aliamua kuiacha kazi. Angalieni jinsi alivyoiacha. Hakutoka mbio, wala hakuwatukana waliomwajiri. Zilikuwa zimebaki siku kama ishirini kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu. Akavumilia, akazimaliza, ndipo akawapa habari watu wa Milano watafute mwalimu mwingine, akieleza pia ugonjwa wa kifua uliokuwa ukimsumbua. Kisha akaenda kukaa Cassiciacum, katika nyumba ya shamba ya rafiki yake Verekundo, pamoja na mama yake Monika, na mtoto wake Adeodato, na wenzake wachache. Alikuwa bado katekumeni, kama ninyi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Basi hesabuni: nyumba ilikuwa ya Verekundo, na kazi za nyumba zilikuwa mikononi mwa Monika. Agostino aliuacha mshahara, lakini alikula.

Na kuna mtu mmoja zaidi katika habari hii, ambaye mara nyingi hatajwi. Miaka mingi Agostino alikaa na mwanamke, mama wa Adeodato. Ilipotafutwa ndoa ya kitajiri ya kumsaidia kupanda cheo, mwanamke yule alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Hata jina lake hatulijui. Nalileta jambo hili kwa sababu wako wasemao kwamba kuuacha mshahara huwaumiza wa nyumbani. Ni kweli. Lakini kuufuata mshahara nako kwaweza kuwaumiza wa nyumbani, ila machozi yake hayahesabiwi, kwa kuwa fedha zaingia.

Watu wa Tanzania nao wamjua Mwalimu Julius Nyerere, aliyeiacha kazi yake ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwezi wa Machi 1955, ili aongoze chama cha TANU. Watu humsifu, na wana haki. Mama Maria naye aliendesha duka dogo ili nyumba ipate kula. Sijasikia hotuba nyingi juu ya duka lile.

Basi karani wetu, kabla hajamwandikia msimamizi wake barua, na aketi na mke wake. Si kumpa habari, kumwuliza. Miaka mitatu ya masomo, kwa mlimaji, ni mavuno sita ya maharage. Mavuno hayo yatatoka katika mgongo wa nani? Nani atakwenda shambani akiwa mjamzito, kwa sababu bwana yuko shuleni na koti jeupe? Mke akikubali, hapo wamekuwa wawili walioitwa, si mmoja aliyeitwa na mmoja aliyeburutwa. Mke akikataa, mume asiseme upesi kwamba huyu hana imani. Labda ana hesabu nzuri kuliko yake. Na labda ataka mwaka mmoja zaidi: mwaka wa kuweka akiba, wa kumaliza kuezeka nyumba kwa mabati, wa kununua mbuzi wawili, wa kumwachisha mtoto ziwa. Mwaka mmoja wa kungoja hauui wito wa kweli, bali huua tamaa ya kupita.

Hata hapa sijasema yote, kwa maana mzigo hauko kwa mume na mke tu. Nataka niseme neno kwa wale wakaao chini ya mti ule wenye kivuli. Ndugu apatapo mshahara, sisi jamaa hufurahi, na furaha hiyo ni halali. Lakini baada ya miaka michache hugeuka kuwa kitu kingine. Kila arudipo, watu wako uani. Huyu ataka ada ya shule, yule ataka fedha za mahari, wa tatu ataka bia, na kijana mwenye nguvu za kulima hekta nzima angoja simu ya kaka yake. Akisikia kwamba kaka ataka kuiacha kazi, hulia kuliko mjane. Hapo ndipo uchawi hutajwa. Ndugu zangu, mtu si shamba. Shamba hulimwa bila kuulizwa lapenda nini. Ikiwa twamzuia mtu asifanye kazi nzuri kwa sababu ya mjane na yatima, sababu yetu ni kweli, naye lazima aisikie. Ikiwa twamzuia kwa sababu sisi wenyewe hatutaki kushika jembe, basi aliyerogwa si yeye.

Wajibu wa mtoto kwa mama mjane hauondolewi na wito wo wote. Kristo aliwakemea vikali wale waliosema kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, wapate kuwanyima wazazi wao. Yatima wa marehemu dada naye hana mwingine. Hawa wawili waingizwe katika hesabu kabla ya ada ya masomo. Wadogo wenye mikono na miguu waingizwe upande wa pili, upande wa watakaosaidia. Nimeona jambo hilo likifanyika katika ukoo mmoja wa huku kwetu: wadogo walikubali kulima shamba la kaka yao kwa misimu yote aliyokuwa shuleni, nao wakaandika makubaliano mbele ya mzee wa kijiji, maana upendo usioandikwa husahaulika msimu wa pili. Haikuwa rahisi. Msimu mmoja hawakulima, kwa sababu ya vita. Lakini yule mtu aliyamaliza masomo yake, na leo yuko kazini.

Ikiwa hesabu zote zakataa, mama ni mgonjwa, mke hawezi, wadogo ni watoto bado, je, mtu huyu amenyimwa wito wake? Naona sivyo. Atabaki ghalani miaka mitano, au kumi, na kazi ile ya mapipa itakuwa ndiyo sadaka yake, hata kama haimfurahishi. Wachimbaji wa Rubaya hushuka mashimoni penye udongo uporomokao, nao hawana mshahara wa kuuacha. Hawaulizwi kama mioyo yao imeshiba. Wako baba wengi wa namna hiyo katika vijiji vyetu, nami siwahesabu kuwa chini ya Agostino. Jumamosi karani aweza kwenda kituo cha afya kuchota maji na kupanga foleni ya akina mama. Mwuguzi mmoja akipata mikono miwili zaidi hatauliza ina cheti gani.

Na ikiwa hesabu zakubali, basi na aondoke kama mtu mzima. Aandike barua kwa heshima na kutoa muda ambao mkataba wadai. Alipe deni lake la sukari na sabuni katika duka la kambi. Arudishe kofia, viatu na funguo, apate sahihi. Asiseme mabaya ya kampuni iliyomlisha, wala asiwadharau wenzake wabakio, kana kwamba wao ni watumwa wa fedha na yeye ni malaika. Kesho atahitaji mmoja wao amkopeshe ada. Na siku zile za mwisho amkalishe kijana atakayeshika nafasi yake, amwonyeshe daftari ukurasa kwa ukurasa, mahali ambapo hesabu hukosewa mara nyingi, na dereva yupi huja na karatasi zisizo sawa.